Adéwalé wa Freedom Cry: yuko huru, lakini ni mwungwana?

Babu wa Pedi

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, asiyependa kusoma apite kimyakimya. Halafu nitamwaga mambo ya mwisho wa gemu, kwa hiyo kama hujaimaliza usije ukanilaumu. Ilitoka Desemba 2013, muda mmepewa wa kutosha.

Nazungumzia Freedom Cry, ile nyongeza ya Assassin's Creed IV: Black Flag iliyotengenezwa na Ubisoft ya Quebec, ambayo baadaye waliiuza peke yake. Wengi waliiruka kwa sababu ni fupi. Mimi niliimaliza zamani kwenye PS3 nikaisahau. Wiki iliyopita mpwa wangu kaja likizo, ana miaka kumi na mmoja, kaikuta kwenye mashine yangu, kaanza kucheza. Mimi nipo pembeni nakula karanga. Ndipo nikasikia kitu kilichonifanya nije kuandika hapa.

Kwa wasiomjua: Adéwalé alizaliwa utumwani Trinidad. Kwenye Black Flag anakutana na Edward Kenway, yule mharamia unayemchezea, mwaka 1715, wote wawili wamefungwa minyororo tumboni mwa jahazi la Wahispania. Wanakata, wanaiba meli, wanatoka na dhoruba. Sasa hapo kuna maongezi mafupi ambayo ukikimbilia misheni yanakupita. Swali la nani awe nahodha linakuja, na Adéwalé anasema wazi kwamba wengi wa mabaharia wale hawatamkubali yeye. Sababu mnaijua. Basi Edward anakuwa nahodha, Adéwalé anakuwa mtu wa pili. Jamaa kavunja minyororo kwa mkono wake, saa moja haijapita anakutana na nyingine ambayo haina kufuli.

Freedom Cry inamchukua miaka ishirini mbele, 1735. Sasa ni Assassin kamili, yaani mmoja wa chama cha siri cha wauaji, na nahodha wa meli yake. Dhoruba inampiga, anatupwa ufukweni Saint-Domingue, koloni la Wafaransa ambalo leo ni Haiti. Hana meli, hana silaha, hana watu. Anaingia Port-au-Prince na kitu cha kwanza anachokutana nacho ni mtu mweusi anayekimbizwa.

Kuanzia hapo gemu inakupa kazi: komboa watumwa. Sokoni kuna mnada, unaweza kuwanunua na kuwaachia au ukawachinja walinzi. Njiani kuna anayepigwa. Kuna vizimba. Kuna mashamba ya miwa ambayo unanyemelea, kwa sababu walinzi wakikuona wakapiga kengele wanaanza kuwaua watumwa wenyewe. Kila unayemkomboa anahesabiwa. Namba ikifika kiwango fulani, unafunguliwa panga bora, mifuko zaidi ya risasi, na vikorokoro vingine.

Sasa mpwa wangu yuko shambani, amejificha kwenye miwa, ulimi nje, na anaongea peke yake: "Bado kumi na wawili. Bado kumi na wawili nipate panga."

Karanga zikanikwama.

Sikumwambia kitu, ni mtoto, na gemu ndivyo ilivyomfundisha. Lakini nikajiuliza: hii gemu inamkomboa nani? Adéwalé anawafungua watu ambao mfumo uliwageuza namba kwenye daftari, na gemu inawageuza namba kwenye kona ya kioo. Ukimaliza mtaa huu, ukizunguka ukirudi, wapo wengine palepale, wanapigwa palepale, na mlinzi aliyefufuka. Hawamaliziki. Ni kama mnazi, unaangua, kesho unakuta madafu mengine.

Nataka kusikia waliocheza. Mnaonaje?

Chuma Moto

Mkuu karanga zikikukwama kunywa maji. Ni gemu.

Kipanga wa Eldy

Mimi sikubaliani na wewe, ndugu, na nitakuambia kwa nini. Gemu zote zinahesabu. Hiyo ndiyo lugha yake. Huko kwenye gemu za mpira unanunua na kuuza binadamu mchana kutwa na hakuna anayelia. Ukiondoa hesabu, mchezaji atafanya misheni za lazima tu, wale wa mtaani atawapita kama anavyowapita ombaomba mjini. Hesabu ndiyo iliyonifanya mimi nisimame kila mara. Nilikuwa nakimbilia kwingine kabisa, nasikia mtu analia nyuma ya ukuta, narudi. Sababu ya kurudi ilikuwa panga? Mwanzoni ndiyo. Baadaye nilishapata kila kitu na bado nilikuwa narudi.

Na hiyo ya kufufuka kila mara, mimi niliona ni sawa. Koloni lile lilikuwa hivyo. Watu walikufa mashambani, meli ikaleta wengine. Unaokoa watano mtaani, bandarini wameteremshwa mia. Kwamba huwezi kumaliza ndiyo ukweli wenyewe.

Babu wa Pedi

Kipanga umenipiga hapo kwa pili. Hoja ya kutokuisha naikubali nusu, ingawa nadhani wewe umewafikiria watengenezaji vizuri kuliko walivyojifikiria wenyewe.

Ila sijamaliza. Kuna misheni moja ambayo hesabu inavunjika, na ndiyo iliyonifanya niseme hawa watu walijua wanachofanya angalau kwa dakika kumi. Ile ya jahazi la watumwa. Adéwalé anaishambulia meli iliyobeba watu, anataka kuiteka. Meli za gavana zinaona bora mzigo uzame kuliko uokolewe, zinaipiga mizinga. Adéwalé anaingia chini, maji yanapanda, giza, watu wamefungwa kwa safu kwenye mbao, wanakuita. Unakata minyororo ya huyu, wa pembeni anakushika. Meli inalala ubavu. Huwezi kuwamaliza. Hata uwe na kidole cha umeme, huwezi.

Mpwa wangu alibonyeza, akabonyeza, akanigeukia: "Anko, kitufe kipi?"

Nikamwambia hakuna.

Mwl wa Zamu

Habari wanajukwaa. Nafundisha historia, gemu nilionyeshwa na wanafunzi, nikaishia kuimaliza mwenyewe wakati wa likizo. Niongeze machache, na moja la kuikosoa.

Kwanza kosa. Port-au-Prince ulianzishwa rasmi mwaka 1749. Mwaka 1735 hakukuwa na mji ule tunaouzunguka na panga. Walihitaji jina ambalo mchezaji analijua, nadhani. Lakini gavana ni wa kweli. Pierre de Fayet alikuwa gavana wa Saint-Domingue na alifariki 1737, mwaka uleule gemu inapomalizikia. Wametia kisu kwenye ufa wa historia, kama kawaida yao. Hata ile safari ya wanasayansi wa Kifaransa na Louis Godin iliyomo kwenye gemu ni ya kweli, walipita kisiwani 1735 wakielekea Quito kupima umbo la dunia. Fikirieni hilo: wenzetu wanapima duara la dunia kwa uzi na darubini, pembeni binadamu mwenzao anapigwa chapa ya moto.

Na chapa hiyo ndiyo ninayotaka kuisema. Kulikuwa na sheria ya Louis XIV ya mwaka 1685, inaitwa Code Noir. Mtumwa akitoroka mwezi mmoja: anakatwa masikio na kupigwa chapa ya ua la mfalme begani. Akirudia: anakatwa mshipa wa nyuma ya goti, na chapa bega la pili. Mara ya tatu ni kifo. Imeandikwa kwa vifungu, kwa lugha safi ya mawakili. Sasa kumbukeni jinsi Adéwalé anavyomuua Fayet mwishoni. Ana panga, ana bunduki, ana kisu cha siri mkononi. Anachukua chuma cha kupigia chapa. Wanafunzi wangu waliona ni kisasi tu cha kunogesha. Mimi niliona anamsomea kifungu.

Ndugu yetu kasema koloni lilikuwa halishibi watu. Kweli. Mwaka 1789 kulikuwa na watumwa karibu 500,000 na wazungu kama 30,000. Miaka miwili baadaye moto ukawaka, na 1804 ikazaliwa Haiti. Adéwalé yuko mapema mno, hayo hatayaona.

Mwana Kilwa

Mwalimu umetaja Saint-Domingue halafu ukaiacha pwani yetu salama. Haikuwa salama. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka. Wengi walipelekwa visiwa vya Mauritius na Réunion, lakini miaka ya 1780 meli za Wafaransa zilikuwa zinazunguka Rasi ya kusini mwa Afrika na kuvuka Atlantiki na watu waliochukuliwa upande huu, hasa Msumbiji, hadi hukohuko Saint-Domingue. Kule waliwaita "Msumbiji" wote kwa jumla, awe Mmakua, awe Myao, awe nani.

Kwa hiyo mimi nilipofika kwenye lile jahazi sikuweza kusema "hao ni watu wa Afrika Magharibi". Miaka hamsini mbele ya hadithi ya gemu, mmoja kwenye zile mbao angeweza kuwa anaita kwa lugha ambayo bibi yangu angeielewa.

Nyongeza ndogo kwa wapenda muziki: muziki wa gemu aliutunga Olivier Deriviere na akawashirikisha La Troupe Makandal, kundi la ngoma za Haiti lililoko Brooklyn. Jina lao ni la Mackandal, mtoro aliyechomwa moto na Wafaransa mwaka 1758. Vaeni spika za masikioni.

Chuma Moto

Mtoro? Mkuu mtoro si mtoto anayekwepa shule?

Mwana Kilwa

Ndiyo hilohilo neno. Kabla halijawa la daftari la mahudhurio lilikuwa la mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Wale jamaa wa Augustin Dieufort wanaoishi msituni kwenye gemu, kwa Kiswahili ni watoro. Na sisi tulikuwa na vijiji vyao. Bara ya Malindi kulikuwa na Fuladoyo karne ya 19, watoro wamejenga, wanalima, wana boma. Kila ukimwandika mtoto "mtoro" umemvisha joho la watu wakubwa.

Chuma Moto

Leo nimeelewa kwa nini nilikuwa nafukuzwa kwa fimbo.

Mama Mkunguni

Wanangu, mimi si mtu wa magemu. Mjukuu wangu ndiye aliyenionyesha huu uzi, kaniambia bibi hawa wanazungumza mambo yako. Nimesoma tangu juu hadi hapa. Niko Lamu. Nataka kuuliza jambo moja kuhusu huyo Adéwalé wenu.

Mnasema "yuko huru". Sawa. Lakini huku kwetu, zamani, huru halikuwa neno la fahari mnavyolitumia leo kwenye bendera. Watu walikuwa namna tatu. Kuna mwungwana, mwenye kuzaliwa na nasaba yake. Kuna mtumwa. Na katikati kuna huru, yaani aliyeachwa. Huru ana karatasi, hauzwi tena. Lakini akenda kuposa, ataulizwa kwao ni wapi. Akikaa barazani, ataachiwa ukingo. Mjukuu akanieleza ile habari ya merikebu, kwamba mabaharia hawatamkubali awe nahodha, nikamwambia basi huyo ni huru, si mwungwana. Neno mwungwana leo mnalifanya ni mtu wa adabu tu, mpole, asiyesukuma foleni. Asili yake ni hiyo: asiye na bwana, wala aliyewahi kuwa na bwana.

Tena huyo kazaliwa hukohuko utumwani. Huyo tulimwita mzalia. Aliyeletwa karibuni, hajui lugha wala desturi, ndiye aliyeitwa mjinga. Mnaona maneno yalivyotembea.

Na mtumwa ni nini? Ni mwenye kutumwa. Neno limetoka kwenye kutuma. Mjukuu kaniambia huyo bwana ana chama chake, wanampa kazi, nenda ukaue huyu, nenda ukachukue kile, na anakwenda. Nikamuuliza: na hapo hatumwi? Hakunijibu, akaendelea kufinya vitufe vyake.

Babu wa Pedi

Shikamoo bibi.

Sina la kuongeza, nimesoma mara tatu.

Dada wa Levo

Bibi shikamoo. Swali ulilomuuliza mjukuu nitajaribu kulijibu mimi, maana gemu za Assassin's Creed nimezicheza zote hadi ile ya Rogue.

Adéwalé kwenye hii hadithi anavutwa pande mbili. Udugu wa Assassin unamtaka arudi kazini, ana mzigo alionyang'anya maadui na dhamira ya chama inasubiri. Upande wa pili ni Bastienne Josèphe, mama mwenye danguro pale mjini anayewasaidia watoro kwa siri. Bastienne mwanzoni hamwamini, na ana sababu. Wanaume wenye silaha na maneno makubwa ameshawaona wengi wakipita. Ana watu wake, ana nyumba yake, ana usiku wa kuamkia kesho. Adéwalé akifanya fujo leo akaondoka na meli, kiboko kinabaki na waliobaki.

Hapo ndipo nilipomwelewa bibi. Adéwalé alipotoka utumwani alijiunga na watu wenye falsafa nzuri, wanaosema hakuna la kumfunga mtu. Lakini hakuwahi kukaa mahali. Jina lenyewe la Kiyoruba, Adéwalé, maana yake taji limerudi nyumbani, na jamaa hana nyumba, ana sitaha. Kule Saint-Domingue kwa mara ya kwanza anakaa kwa kuamua mwenyewe. Hajatumwa. Kwa mimi hiyo ni kubwa kuliko kifo cha gavana.

Na ndiyo maana Rogue iliniuma sana. Ilitoka 2014, safari hii unacheza upande wa pili, unakuwa Shay Cormac aliyewahama Assassin. Na misheni mojawapo ni kumuua Adéwalé. Wewe mwenyewe, kwa vidole vyako. Niliyemlinda kwenye mashamba ya miwa, niliyezama naye kwenye lile jahazi. Niliweka pedi chini nikaenda kuosha vyombo. Vyombo vilikuwa viwili. Niliviosha nusu saa.

Kuna waliosema hapa ni gemu tu. Sawa, lakini kuna gemu ngapi kubwa ambazo mtu wetu ndiye unayemshika tangu mwanzo hadi mwisho, na si rafiki wa pembeni wa kuchekesha? Sauti yake aliifanya Tristan D. Lalla, na ile sauti ilikuwa imechoka ipasavyo. Hesabu ya mapanga ni uchafu, nakubaliana na mwenye uzi. Lakini nisingekubali wasitengeneze.

Kipanga wa Eldy

Dada wa Levo, hiyo ya Rogue niliiruka. Nilimwita ndugu yangu mdogo anichezee hiyo misheni mimi nikiwa nje. Sijawahi kumwambia mtu.

Na Mama Mkunguni, shikamoo. Kuhusu kutumwa: mimi nafikiri sisi wachezaji ndio tunaomtuma. Tunamtuma achinje walinzi mia ili tupate mfuko wa risasi. Nimejishika shati.

Mwl wa Zamu

Naomba ruhusa ya kumtumia Mama Mkunguni darasani Jumatatu. Mwungwana, huru, mtumwa, mzalia, mjinga. Kidato cha pili, ubao mmoja, dakika arobaini. Halafu ndipo niwaambie Code Noir.

Mama Mkunguni

Watumie tu mwalimu. Ila uwaambie na hili: aliyesema hivyo naye babu zake walikuwa na watumwa. Msinifanye mimi nikawa safi.

Babu wa Pedi

Wakuu narudi kufunga hesabu na mpwa wangu, maana mmeniuliza kwa ujumbe wa faragha aliendeleaje.

Ile misheni ya jahazi aliirudia. Kwanza alidhani alikuwa mzembe. Akapanga: ataanza na wa kushoto kwa sababu maji yanaingia kulia. Akakata, akakata, meli ikalala. Akarudia mara ya tatu akiwa kasimama, pedi kifuani. Nikamwambia twende tukale, akasema subiri Anko, safari hii nimeshajua njia. Mara ya nne hakukata wa kwanza. Alisimama tu pale katikati, Adéwalé kwenye maji hadi kiunoni, akawa anamgeuza taratibu awaangalie, safu ya huku, safu ya huku. Mpaka maji yakafika.

Akaniuliza kama wale walikuwa na majina. Nikamwambia kwenye gemu hapana.

Panga aliloliwania amelipata tangu Jumanne. Hajalitumia.